Hakikisha Mlango Umefungwa: Usalama wa Magari Yanayotumia Mawimbi

Wakaazi wa Mnarani na madereva wanaoegesha magari pande zote mbili za daraja la Kilifi wanashauriwa kuvuta kitasa cha mlango kabla ya kuondoka, hata baada ya kubonyeza rimoti.

Rimoti hutuma amri ya kufunga kwa mawimbi ya redio. Mhalifu aliye karibu na kifaa cha kuvuruga mawimbi anaweza kuzuia amri hiyo isilifikie gari. Mwenye gari huenda zake akiamini amefunga, na mwizi huingia bila kuvunja kioo.

Si rimoti pekee. Traka ya gari au bodaboda hupokea mawimbi ya setilaiti ili kujua chombo kilipo, kisha hutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Anayepata nywila ya akaunti hiyo anaweza kufuatilia safari za mwenyewe. Baadhi ya traka pia huzima injini kwa amri ya mbali, hivyo nywila hiyo ina thamani sawa na ufunguo.

Hatari hii ilidhihirika Marekani mwaka wa 2015, wataalamu Charlie Miller na Chris Valasek walipodhibiti gari aina ya Jeep Cherokee kupitia intaneti likiwa barabarani. Kampuni ya Fiat Chrysler iliyaita magari milioni 1.4 ili yarekebishwe.

Sasa yapo magari yanayopashana habari yenyewe kwa yenyewe. La mbele likifunga breki ghafla, hulijulisha la nyuma. Ili ujumbe wa uongo usisababishe ajali, kila ujumbe hutiwa saini ya kidijitali na kuwekwa saa. Uliobadilishwa njiani, au wa zamani uliorudiwa, hukataliwa. Hata hivyo, saini haizuii mawimbi kuvurugwa. Dereva bado anahitaji macho yake.

Mambo ya kuzingatia:

• Tazama taa zimweke unapofunga, kisha vuta kitasa. Rimoti ikikataa, tumia ufunguo.
• Usiache simu, pesa wala stakabadhi garini.
• Badilisha nywila ya traka uliyopewa na fundi, na usimpe mtu mwingine.
• Unaponunua gari au pikipiki iliyotumika, hakikisha mwenye awali ameondolewa kwenye akaunti ya traka.

Kuingilia mifumo ya kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Ukishuku uhalifu, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu, au piga simu 999 au 112.