Chuo cha Umma au Chuo Binafsi? Ushauri wa Kitabibu kwa Familia Inayosomesha Daktari

Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, maswali ya aina mbili huingia katika chumba changu cha kliniki. La kwanza ni la ugonjwa, nalo huulizwa mgonjwa anapoketi. La pili huulizwa akiwa ameshika kitasa cha mlango: "Daktari, mwanangu anataka kusoma udaktari. Chuo cha Serikali ada yake ni nafuu, lakini nafasi ni chache. Chuo binafsi kimemkubali, ila ada ni kubwa. Unanishauri nini?"

Kwa muda mrefu nililihesabu swali hilo la pili kuwa liko nje ya kazi yangu. Makala haya yanaeleza kilichonifanya nibadili mawazo, kisha yanapendekeza mambo ambayo mzazi na mwanafunzi wanapaswa kuyapima kabla ya kuchagua. Vilevile yana neno kwa watumishi wenzangu wa afya, kwa kuwa gharama ya masomo ya mtoto huweza kuonekana kwenye kipimo cha shinikizo la damu la baba.

Mgonjwa aliyetufundisha

Alikuwa fundi seremala wa miaka 61, asiye na bima ya afya, aliyehudhuria kliniki ya shinikizo la damu kwa miaka kadhaa bila matatizo. Kisha vipimo vikaanza kupanda: 160/100, baadaye 170/104, na hatimaye 184/112. Niliongeza dawa ya pili, vipimo havikushuka. Niliongeza ya tatu na kuagiza vipimo vya figo.

Aliyegundua sababu alikuwa muuguzi, si mimi. Alimwamkia mzee, akamuuliza kwa upole iwapo anamudu kununua dawa zote alizoandikiwa. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Mwanangu, siku moja nakunywa, siku mbili naruka. Kijana yuko mwaka wa pili wa udaktari. Ada haisubiri."

Kijana huyo alikuwa amepata nafasi mbili: shahada ya uuguzi katika chuo cha umma, na shahada ya udaktari katika chuo binafsi. Familia ilichagua udaktari. Kiwanja kiliuzwa, nacho kikalipa ada ya mwaka wa kwanza na sehemu ya mwaka wa pili. Baada ya hapo fedha zilianza kupunguzwa penye ukimya zaidi, yaani kwenye vidonge vya mzee. Mimi nilikuwa nikimwandikia dawa ya tatu mtu ambaye hakuwa na fedha za ile ya kwanza.

Shinikizo la damu halina huruma kwa desturi hiyo. Mgonjwa anaweza asihisi maumivu yoyote kwa miaka, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika. Kiharusi kimoja humtoa mzazi kazini na kumfanya ndugu mwingine aache kazi ili amuuguze. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Fedha iliyookolewa kwenye vidonge hutoweka kwa siku chache tu, na ada ya kijana hukosa wa kuilipa.

Umma na binafsi: tofauti iko wapi?

Nchini Tanzania, mafunzo ya udaktari yalianza katika shule ya udaktari ya Dar es Salaam mwaka 1963, ambayo baada ya mabadiliko mengi ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Kwa takriban miongo mitatu, aliyetaka kusomea udaktari hapa nchini hakuwa na mlango mwingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 milango ya vyuo visivyo vya Serikali ilifunguka, Moshi na Dar es Salaam, na mwaka 2003 Mwanza nayo ikafuata katika hospitali ya Bugando. Kwa upande wa Serikali, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, nacho kinafundisha udaktari.

Neno "binafsi" lisitupotoshe. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi ni hospitali zenye uhusiano na makanisa, lakini pia ni hospitali za rufaa za kanda zinazofanya kazi kwa ushirikiano na Serikali. Wodi zake hupokea wagonjwa kutoka mikoa mingi, na mwanafunzi wa pale hujifunza kwa wagonjwa wa aina zote. Viko pia vyuo vidogo vinavyotegemea hospitali ndogo au vinavyopeleka wanafunzi katika hospitali za wengine. Vyote viwili huitwa vyuo binafsi, ingawa hali zao hazifanani. Vyuo vya umma navyo vina changamoto zake: madarasa makubwa, mabweni yasiyotosha, na wanafunzi wengi wanaozunguka kitanda kimoja.

Mwishoni, wahitimu wote hukutana mahali pamoja. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali hospitalini, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili. Katika utumishi wa umma, mshahara wa daktari anayeanza kazi hupangwa na muundo wa utumishi, wala hauongezwi kwa sababu alilipa ada kubwa. Aidha, ajira si ya moja kwa moja kama ilivyokuwa zamani. Mhitimu huomba nafasi na kushindanishwa na wenzake.

Hesabu ya miaka mitano

Familia nyingi hupiga hesabu ya mwaka mmoja. Kosa huanzia hapo. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba chuo kimoja kinatoza shilingi 1,800,000 kwa mwaka na kingine shilingi 6,000,000. Kwa miaka 5, cha kwanza kitagharimu 9,000,000 na cha pili 30,000,000. Tofauti ni shilingi 21,000,000, kabla ya kuhesabu chakula, malazi, vitabu, nauli na vifaa. Akilazimika kurudia mwaka mmoja, hesabu hupanda tena.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni msaada mkubwa, lakini usidhani kwamba utafunika ada yote ya chuo chochote. Sehemu ambayo mkopo hauifikii hubaki mabegani mwa familia. Na mkopo ni deni: mnufaika aliyeajiriwa katika sekta rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kwa mfano, anayelipwa shilingi 1,500,000 atakatwa 225,000 kila mwezi. Deni la shilingi 20,000,000 litamchukua zaidi ya miaka 7. Hilo linabebeka, mradi awe amemaliza masomo na amepata kazi. Mzigo usiobebeka ni wa yule aliyeishia mwaka wa tatu: ametumia fedha za familia, anadaiwa, wala hana shahada.

Kwa hiyo swali la kwanza si chuo kipi kina jina kubwa, bali ni chuo kipi ambacho mwanafunzi huyu anaweza kukimaliza bila mtu wa nyumbani kuacha dawa, chakula au shule.

Udaktari hufundishwa kitandani

Baada ya fedha, pima mafunzo yenyewe. Nimewasimamia madaktari watarajali kutoka vyuo vya aina zote mbili. Usiku mama aliyejifungua anapotokwa damu nyingi, sijawahi kutambua kwa kutazama mikono ya mtarajali kwamba alilipiwa ada ndogo au kubwa. Ninachokitambua mara moja ni kama alipokuwa mwanafunzi aliwahi kusimama leba usiku, akaonyeshwa namna ya kusugua mfuko wa uzazi, akaachiwa afanye huku mwalimu akitazama. Chuo chenye majengo ya kupendeza lakini wagonjwa wachache hakiwezi kumpa hilo. Chuo chenye wagonjwa wengi lakini walimu wasioonekana wodini hakimpi pia.

Kabla ya kuthibitisha nafasi, ni vyema mzazi na mwanafunzi wapate majibu ya maswali yafuatayo:

1. Je, chuo na programu yenyewe vina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa sasa? Usitegemee tangazo la chuo. Hakiki kwenye taarifa za Tume.

2. Wanafunzi hujifunzia hospitali ipi? Ni ya chuo au ya kuazima? Ni wanafunzi wangapi huzunguka na mwalimu mmoja wodini?

3. Walimu wa tiba, upasuaji, watoto na uzazi ni waajiriwa wa kudumu, au huja saa chache kwa wiki?

4. Ada kamili ni kiasi gani kwa miaka yote 5, pamoja na usajili, mitihani, bima na mafunzo ya vitendo? Je, hulipwa kwa awamu? Mwanafunzi akichelewa kulipa, atazuiwa kufanya mtihani?

5. Kati ya walioanza pamoja, wangapi walihitimu kwa wakati? Waulize wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano, maana wao hawana cha kuuza.

Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu ndani ya muda uliowekwa. Muda huo ni mfupi. Maswali haya yaulizwe mapema.

Tena, udaktari una njia zaidi ya moja. Stashahada ya utabibu huchukua miaka 3, na mwenye ufaulu unaotakiwa anaweza baadaye kuomba shahada ya udaktari akiwa tayari ana taaluma ya kumwingizia kipato. Uuguzi, famasia na maabara ni taaluma kamili, si mabaki ya waliokosa udaktari. Mgonjwa wangu aliokolewa na swali la muuguzi.

Neno kwa watumishi wa afya na wagonjwa

Kwa watumishi wenzangu: shinikizo la damu au kisukari kikikataa kushuka, kabla ya kuongeza dawa tuulize kama zile za awali zinanunuliwa. Tuulize faraghani, kwa heshima, pasipo kumfedhehesha mzazi mbele ya foleni. Swali kama "Mwezi huu nyumbani mna jukumu gani kubwa?" hufungua mdomo kuliko "Mbona hunywi dawa?" Pale inapowezekana, tuchague dawa ya bei nafuu inayonywewa mara moja kwa siku.

Kwa wazazi wanaotibiwa: orodhesheni dawa zenu katika bajeti ya nyumba kabla ya ada, wala msione aibu. Na mnapolazwa katika hospitali ya kufundishia, mwanafunzi akiwaomba ridhaa ili awapime, mkikubali mnashiriki kumfundisha daktari wa kesho. Mkikataa, hiyo ni haki yenu.

Hitimisho

Yule fundi seremala alirudishiwa dawa mbili za bei nafuu badala ya tatu. Ndugu waliitwa kikao na mzee akawaeleza ukweli alioufichia hata mkewe. Kijana aliomba kuahirisha masomo kwa mwaka 1 kwa utaratibu wa chuo, badala ya kutoweka na deni. Akafanya kazi katika karakana ya baba yake, na mwaka uliofuata akarejea darasani baada ya wajomba na shangazi kugawana ada. Sasa yuko mwaka wa nne. Kiwanja hakikurudi. Mara ya mwisho mzee alipofika kliniki, kipimo kilisoma 136/84, naye alikuwa na vidonge vya mwezi mzima mfukoni.