Kifo Kimoja, Madai Mawili: Fidia ya Ajali Katika Sheria ya Kenya

Hadi katikati ya karne ya 19, sheria ya Kiingereza ilikuwa na kasoro ya ajabu: aliyemvunja mwenzake mguu kwa uzembe alilazimika kumlipa, ilhali aliyemuua hakudaiwa chochote, kwa kuwa mwaka 1808 mahakama iliamua kwamba kifo cha mtu hakiwezi kuwa msingi wa madai ya mtu mwingine, na haki ya marehemu mwenyewe ya kudai ilikufa pamoja naye. Kizuizi cha kwanza kiliondolewa na Bunge la Uingereza mwaka 1846 na cha pili mwaka 1934, na kwa kuwa Kenya ilirithi marekebisho hayo katika sheria mbili tofauti, ajali moja ya matatu inayoua abiria mmoja huzaa madai mawili.

Dai la kwanza, chini ya Sura ya 26 ya Sheria za Kenya, ni la marehemu mwenyewe, ambalo huingia katika mirathi yake na kuendeshwa na msimamizi aliyepewa hati na mahakama. Hapo hulipwa maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho, ambayo kwa aliyefariki papo hapo huthaminiwa kwa kiasi kidogo sana, na kukatizwa kwa umri wake, ambako kwa mazoea majaji wengi wametoa takriban Sh100,000.

Dai la pili, chini ya Sura ya 32, ni la wategemezi, na ndilo lenye uzito. Hesabu yake huanza na kipato cha mwezi baada ya makato, hugeuzwa kuwa cha mwaka, huzidishwa kwa idadi ya miaka ambayo mahakama inaona marehemu angeendelea kuchuma, kisha huchukuliwa sehemu aliyokuwa akiitumia kwa familia, ambayo kwa mwenye mke na watoto huwa aghalabu theluthi mbili, na kwa kijana asiyeoa anayewasaidia wazazi, theluthi moja. Kwa mfano, fundi mwenye mke na watoto aliyekuwa akipata Sh30,000 kwa mwezi, akikadiriwa miaka 20, huwaachia wategemezi wake dai la Sh4,800,000. Watu walewale wakinufaika na madai yote mawili, mahakama huzingatia jambo hilo ili hasara moja isilipwe mara mbili.

Sheria hii ya wategemezi huwatambua mume, mke, wazazi na watoto tu. Ndugu wa tumbo moja hayumo, hata kama karo yake yote ilitoka mfukoni mwa marehemu, na ni vigumu kutetea mpaka huo katika jamii ambamo kifungua mimba huwasomesha wadogo zake kama wajibu wa kawaida.

Hakuna hata moja kati ya madai haya linaloshinda kwa kifo peke yake, kwani mdai hana budi kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa uzembe wa mdaiwa ndio uliosababisha ajali, na ikiwa marehemu naye alichangia, fidia hupunguzwa kwa kiwango cha mchango wake. Dereva akiwa tayari ametiwa hatiani katika kesi ya trafiki na hukumu hiyo ikawa ya mwisho, kazi ya mdai hupungua sana. Kesi ya wategemezi hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu kifo, na msimamizi wa mirathi asipoifungua ndani ya miezi 6, wategemezi wenyewe wanaruhusiwa kuifungua.

Mlipaji kwa kawaida ni kampuni ya bima ya gari, ambayo ni lazima ipewe taarifa ya kesi mapema, la sivyo inaweza kukwepa kulipa hukumu. Hata hivyo bima hiyo ya lazima ina kikomo cha Sh3,000,000 kwa kila mtu, kwa hiyo katika mfano wa fundi yule Sh1,800,000 zilizosalia hudaiwa kwa mwenye gari, ambaye mara nyingi mali yake kubwa ilikuwa gari lenyewe lililokwisha kuharibika.