Nyonga ya Bandia: Tusiulize Bei Tu, Tuulize na Plastiki

Shangazi yangu ana miaka 63, na mwezi ujao, inshallah, atabadilishwa nyonga. Juzi tulikaa barazani ukoo mzima kupanga michango. Tuliulizana bei, tukaulizana nani atalala naye hospitali. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani hasa anachokwenda kutiwa mwilini. Hata mimi sikuuliza, mpaka niliporudi nyumbani nikaanza kusoma.

Nyonga ya bandia ina kichwa cha mviringo, cha chuma au kauri, kinachozunguka ndani ya kikombe. Mara nyingi kikombe hicho kina bitana ya plastiki. Kila hatua, kila kuinuka kitini, kichwa huisugua plastiki hiyo.

Daktari John Charnley wa Uingereza alianza na Teflon, ile ya vikaango visivyoshika chakula. Ililika kwa miaka michache tu, na wagonjwa wakapasuliwa tena. Mwaka 1962 akageukia polithilini ngumu yenye molekuli ndefu sana, ambayo jamaa zake ndizo zinazotumika hadi leo.

Nayo hulika, ila polepole, yapata sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Tatizo kubwa ni unga wake. Chembe za kinga za mwili huumeza, zikashindwa kuuyeyusha, na vurugu hiyo huishia kuula mfupa ulio kando. Mfupa ukiliwa, nyonga hulegea.

Adui wa pili ni oksijeni. Sote tumeona dumu la maji lililoachwa juani: hupauka, kisha huvunjika kama biskuti. Kwa miaka mingi vikombe hivi viliuliwa vijidudu kwa miale ya gama vikiwa katika pakiti zenye hewa. Miale ilikata molekuli, na zile ncha zilizokatika zikashikana na oksijeni. Plastiki ikawa inazeeka hata ikiwa bado rafuni. Miaka ya 1990 ndipo watengenezaji walipoanza kuondoa hewa ndani ya pakiti.

Ajabu ni kwamba miale hiyo hiyo ndiyo iliyoleta dawa. Kipimo chake kikiongezwa, molekuli huungana ubavu kwa ubavu, kama ukili unavyoshonwa ukawa mkeka. Plastiki ya namna hii, iliyoenea tangu mwisho wa miaka ya 1990, hulika kidogo mno. Ncha zinazobaki wazi hufungwa kwa kuiyeyusha tena, lakini hilo huipunguzia nguvu kidogo. Ndiyo maana wengine huitia vitamini E, ambayo huzuia oksijeni bila kuiyeyusha.

Basi nimemwandikia shangazi maswali matatu ya kumpa daktari. Je, plastiki hii ni ile iliyounganishwa kwa miale? Imekingwaje na oksijeni? Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pakiti ni lini?

Na la nne ni letu sisi tunaomuuguza: tusiache kumrudisha kupigwa eksirei kwa sababu tu hana maumivu. Mfupa unaweza kuliwa kimyakimya kwa miaka, na siku maumivu yanapokuja, fundi hana tena pa kushikiza nyonga mpya.

Shangazi alipoisoma karatasi alicheka, akaniambia, "Mwanangu, kumbe hata kanga huulizwa kitambaa chake." Kisha akaikunja, akaitia mkobani.