Shangazi Angefeli Mtihani!
Tulilala wanne kitanda kimoja kwa shangazi, Temeke, na hakuna mtu wa ustawi wa jamii aliyekuja kupima chumba. Wenzetu Marekani mambo mengine, msomaji wangu. Mtoto akiondolewa kwa wazazi, sheria ya mwaka 2008 inataka ndugu watafutwe na kuarifiwa ndani ya siku 30. Hapo safi! Kasheshe ni mshiko. Bibi asiye na leseni mara nyingi hapati posho kamili ya mlezi wa kambo, lakini mgeni mwenye leseni anapata, kwa mtoto yuleyule. Mwaka 2023 ndipo serikali kuu ikaruhusu majimbo yawawekee ndugu masharti mepesi kuliko wageni. Kwa yale ya zamani, shangazi angekwamia mlangoni. Mimi ningelelewa na nani?