Uzio wa Nyuki

Wanangu, ndovu akija shambani usiku hutamsikia akitembea. Chini ya wayo wake pana tabaka nene la mafuta, na ijapokuwa ana uzito wa tani 5, hukanyaga majani makavu kimyakimya. Utakachosikia ni mabua ya mahindi yakivunjika, ka! ka! ka!, na hapo amekwisha kuingia. Ndovu mzima anaweza kula kilo 150 kwa siku, wala haji peke yake kila mara. Shamba ambalo mama amelilima, akalipalilia na kulingojea miezi mitatu, linaweza kuisha kabla jogoo hajawika.

Hayo wanayajua sana watu wa Sagalla, karibu na mji wa Voi, katika kaunti ya Taita-Taveta nchini Kenya. Vijiji vyao vimepakana na mbuga ya Tsavo Mashariki. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948, na leo mbuga zake mbili, Mashariki na Magharibi, zimechukua kama asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Katika kila ekari 10, 6 ni za wanyama. Mashamba, mifugo, ranchi, miji na shule vyote vinabanana katika zile zilizobaki. Zamani ndani ya mbuga waliishi watu pia: Waata, mabingwa wa upinde, waliowinda ndovu kwa mishale ya sumu tangu enzi za mababu zao. Kisha kazi hiyo ya mababu ikawa kosa la jinai, na wengi wao wakaishia gerezani.

Msidhani ninamlaumu ndovu. Yeye hufuata maji na majani, na njia zake ni za kale kuliko ramani. Siku hizi reli mpya imepita Tsavo juu ya tuta refu, na ingawa yameachwa mapito chini yake, ndovu hawezi tena kuvuka popote apendapo.

Basi watu hukesha. Hupiga madebe, huwasha moto, humulika tochi. Baba aliyekesha wiki nzima hana nguvu ya jembe asubuhi, na mtoto hangojei kengele ya shule tu. Hungojea kwanza kupambazuke, asije akakutana na ndovu njiani. Wapo wanaochoka kabisa. Mavuno yakiliwa mwaka huu na mwaka ujao, mtu huchukua shoka akaenda kukata miti achome makaa, maana watoto lazima wale. Miti ikiisha, mvua huondoka na udongo wa juu, na shamba la msimu unaofuata huwa dhaifu zaidi.

Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5, na mazao yaliyoharibiwa nayo yafidiwe. Sheria ni nzuri. Lakini malipo hukawia, mara nyingine miaka, na njaa haikawii.

Sasa niwaambie kuhusu nyuki. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini kuna mahali ambapo nyuki anaweza kumuumiza: kando ya macho na ndani ya mkonga. Mtafiti Lucy King aliwasikilizisha ndovu mlio wa nyuki uliorekodiwa, nao wakatimua mbio. Kutokana na hilo ukabuniwa uzio wa mizinga. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10, ikiunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Sagalla walianza mwaka 2009. Utafiti wa miaka kadhaa ukaonyesha kwamba katika msimu wa mazao, ndovu hadi 86 kati ya kila 100 waliofika kwenye uzio hawakuingia shambani. Tena mkulima hupata asali ya kuuza.

Halafu ukaja ukame wa mwaka 2017. Hapakuwa na maua. Nyuki wakahama, mizinga mingi ikabaki mitupu, asali ikapungua, na ndovu wakaingia mashambani zaidi kuliko awali. Wakulima hawakuwa wamekosea lolote. Mizinga ilikuwa mahali pake na waya umefungwa vizuri. Ila nyuki huishi kwa maua, na maua ya Sagalla hungoja mvua.

Ndiyo maana nasema mzigo huu si wa Sagalla peke yake. Mgeni akija kuwatazama ndovu wa Tsavo, hulipa kiingilio, na fedha hizo huenda kwenye taasisi ya kitaifa. Viongozi wa Taita-Taveta wamedai mgao kwa miaka mingi, nami naona wana haki. Anayewalisha ndovu hao usiku, bila kupenda, ni mkulima mwenye ekari mbili.

Watu wa Sagalla wenyewe hawakukaa bure. Akina mama husuka vikapu vya mkonge wakauza. Baadhi ya wakulima wamejaribu alizeti, ambayo ndovu haipendi kama mahindi, na maua yake huwafaa nyuki. Lakini mtoto wa Sagalla hali alizeti jioni. Anataka ugali, na unga utanunuliwa dukani, na bei ya unga mwaka wa ukame mnaijua.