Kibao cha Namba Kikifa: Soko la Spea za Milango ya Gereji Marekani

Kwetu gereji ni kwa fundi, mahali pa oili chafu na magari yaliyopigwa jeki. Kwa Mmarekani gereji ni chumba cha nyumba yake, na wengi huingilia humo kuliko mlango wa mbele. Mlango wenyewe huinuliwa na mota iliyofungwa darini. Nje, kwenye fremu, hupachikwa kibao kidogo cha namba ili mtoto akitoka shule aingie bila funguo wala rimoti. Mota hukaa kivulini na aghalabu hupita miaka 10. Kibao kinapigwa jua, mvua na theluji, basi ndicho kinachotangulia kufa.

Mota mpya huanzia karibu dola 200, bado hujamlipa fundi. Kibao chenye chapa ya mtengenezaji wa mota ni kama dola 30 hadi 60, na cha kampuni usiyoijua, kwenye maduka ya mtandaoni, unakipata hata kwa dola 20. Tofauti hiyo si kubwa sana. Hasara huja pale mtu anaponunua kibao kisichoelewana na mota yake, akakirudisha, akanunua kingine, mwishowe akakata tamaa na kubadilisha mota nzima iliyokuwa haina kasoro.

Ukitazama rafu za duka utadhani chapa ni nyingi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya soko iko mikononi mwa wachache. Chamberlain, kampuni ya jimbo la Illinois, huuza kwa jina hilo madukani na kwa jina LiftMaster kupitia mafundi wanaofunga milango. Ndiyo pia iliyokuwa ikitengeneza mota za Craftsman zilizouzwa na maduka ya Sears. Upande wa pili wapo Genie na Overhead Door, ndugu wa nyumba moja, chini ya kampuni ya Sanwa ya Japani. Sears ilipoomba ulinzi wa mufilisi Oktoba 2018, wenye Craftsman wengi walijiona wameachwa bila spea, ilhali kibao chao kilikuwa dukani siku zote kwa jina jingine.

Kwa jamii hii ya Chamberlain, siri ya kununua kwa bei nafuu iko kwenye rangi. Panda ngazi, tazama nyuma ya mota, utaona kitufe unachobonyeza ili mota ijifunze rimoti mpya. Cha kijani ni cha miaka ya 1993 hadi 1996 hivi, chekundu au cha rangi ya chungwa kilifuata mpaka karibu 2005, kisha zambarau, na manjano kuanzia 2011. Rangi ndiyo inayokuambia mota inasikiliza masafa gani na inatumia msimbo wa aina gani. Rangi zikilingana, jina lililoandikwa kwenye boksi halina uzito.

Kwamba kuna kampuni nyingine zinazoruhusiwa kukuuzia spea hizi, shukrani ziende kwa kesi moja. Chamberlain ilikuwa imeanza kutumia msimbo unaobadilika kila unapobonyeza, ili mwizi akinasa wa leo usimfae kesho. Kampuni ya Skylink ikatoa rimoti yake, Model 39, ambayo haikuiga msimbo huo hata kidogo. Ilirusha misimbo mitatu isiyobadilika, iliyopangwa ili mota idhani ni rimoti yake halali iliyopoteza hesabu na sasa inajirekebisha. Ujanja wa aina yake! Chamberlain ikaenda mahakamani ikitumia sheria ya hakimiliki za kidijitali ya 1998. Agosti 2004 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliipa Skylink ushindi: aliyenunua mota ana haki ya kuitumia programu iliyomo ndani, na rimoti ya mtu mwingine si uvunjaji wa hakimiliki.

Hukumu hiyo haikuwalazimisha watengenezaji kufungua siri zao. Msimbo wa vitufe vya manjano huruka kati ya masafa ya megahezi 310, 315 na 390, na si kila kibao cha jumla kinaumudu. Upande wa simu mlango ulibanwa zaidi: Novemba 2023 Chamberlain ilizuia programu za nje ambazo haikuziidhinisha zisiuguse myQ, mfumo wake wa kufungulia mlango kwa simu. Mteja akilalamika kwamba amefungwa kwa chapa moja, simlaumu.

Kuna wale wenye mota kongwe zenye swichi ndogo ndogo za kupanga msimbo kwa mkono. Spea zake ni rahisi, lakini usinunue. Mwaka 2015 mtafiti Samy Kamkar alitumia kifaa cha kuchezea cha Mattel kufungua milango ya aina hiyo kwa chini ya sekunde 10. Tena mota nyingi za kabla ya 1993 hazina macho ya mwanga yanayouzuia mlango usimbane mtoto, macho ambayo sheria ya Marekani huyadai tangu mwaka huo. Hapo lipia mota mpya.

Kwa mwingine yeyote, kabla ya kutoa pochi, badilisha betri. Vibao vingi hutumia ile ya mraba ya volti 9. Kikiwaka lakini mlango hausogei, ng'oa balbu ya LED iliyo kwenye mota ujaribu tena, kwani baadhi ya balbu hizo huvuruga mawimbi ya redio. Na kama namba 4 zimefutika kwa kubonyezwa huku nyingine 6 zikiwa mpya, badilisha hata kama kibao bado kinafanya kazi: mwizi aliyekuwa na namba 10,000 za kubahatisha amebakiwa na 24 tu.

Neno la mwisho ni kwa wa huku nyumbani wenye geti la umeme. Moja ya misimbo inayobadilika iliyoenea zaidi duniani, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 na kuuzwa kwa Microchip ya Marekani mwaka 1995 kwa zaidi ya dola milioni 10. Lakini mota za Centurion, za Afrika Kusini hiyo hiyo, husikiliza megahezi 433, wakati vibao vya Marekani aghalabu huzungumza kwa 310, 315 au 390. Shemeji akikuuliza kutoka Dallas akuletee nini, kibao cha namba usikitaje.