Samaki wa Feri na Taka za Mtaani

Mkazi wa Kariakoo anaponunua changu, kibua au pweza, mara nyingi hununua kitoweo kilichopitia Soko la Samaki Feri, Magogoni. Taka anayoitupa mtaroni nayo ina safari yake. Mvua huisukuma hadi Mto Msimbazi, ambao hutoka vilima vya Pugu, hupita Jangwani na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Salender. Bahari inayotulisha ndiyo inayopokea uchafu wetu.

Jua na mawimbi huvunja plastiki kuwa chembe ndogo ambazo samaki huzimeza. Nyingi hubaki tumboni. Hivyo samaki atolewe matumbo na kuoshwa vema kabla ya kupikwa. Zebaki ni jambo jingine, kwani hujikusanya katika nyama yenyewe, wala haiondoki kwa kuchemsha au kukaanga. Samaki wakubwa walao wenzao, kama papa na sulisuli, ndio huibeba zaidi. Mjamzito, mama anyonyeshaye na mtoto mdogo wapendelee vibua na dagaa.

Uvuvi wa baruti umekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mlipuko huua samaki wakubwa kwa wachanga na kubomoa matumbawe wanamozaliana. Samaki aliyepigwa baruti aghalabu hulegea mapema, na akipasuliwa huonekana damu iliyovilia ndani na mifupa iliyovunjika. Akikosa mnunuzi, baruti hukosa faida.

Kabla ya kulipa, mnunuzi akague haya:

1. Macho yawe angavu na yaliyotuna.
2. Mashavu yawe mekundu, yasiyo na harufu mbaya.
3. Nyama ikibonyezwa irudi mahali pake.
4. Samaki awe amehifadhiwa katika barafu, hasa nyakati za mchana.
5. Asiwe mchanga. Udogo wa dagaa ni maumbile yake, bali changu ambaye hajakomaa huvuliwa kabla ya kuacha kizazi.

Muulize muuzaji samaki alivuliwa wapi na kwa njia gani. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na swali hilo.

Mwisho, nenda sokoni na kikapu chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Taka zako ziishie katika pipa, zisije zikarejea mezani ndani ya samaki.